Uyoga wa Kikapu Kimoja

Walinichagua mimi niseme neno la shukrani. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka chini ya turubai, pale Kigwa, nyuma ya nyumba ambayo nusu ya bati lake limeliwa na kutu, na mama mdogo Raheli alikuwa ndani sebuleni, kimya kwenye sanduku lake la mninga. Mzee wa kanisa alikuja akainama karibu na sikio langu, akiwa na ile heshima ya watu wanaokuomba kitu ambacho tayari wamekubaliana bila wewe. "Dada Debora, marehemu hana mtoto mwingine. Baada ya mahubiri utasimama, utasema neno la shukrani kwa niaba ya familia. Fupi tu. Uwashukuru majirani, kwaya, waliochimba, halafu umshukuru Mungu." Nikaitikia kwa kichwa. Akaenda zake ameridhika, na mimi nikabaki nimeshika ncha ya khanga kama mtoto aliyepewa mtihani wa somo asilosoma. Mtu wa ua ule aliwahi kumshukuru Mungu mbele ya watu, na mimi nilikaa mwaka mzima ndani ya yale yaliyofuata.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Matokeo ya darasa la saba yalikuwa yametoka na jina langu halikuwemo, na pale kwetu Cheyo, mjini, nilikuwa nimechoka kujificha kila wenzangu walipopita wakipima sare za sekondari. Mama yangu alinipandisha treni na furushi la nguo na sabuni za miche. "Nenda ukakae na mdogo wangu," aliniambia. "Umsaidie kazi. Usimuulize kitu." Nikashuka Kigwa mvua ikinyesha, nikamkuta mama mdogo mwenyewe stesheni, amejifunika gunia la nailoni kichwani. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akachukua furushi, akatangulia. Chumba alichonipa kilikuwa na kitanda cha kamba kilichotanuliwa kwa mbao pembeni ili kitoshe watoto wawili. Kwenye kamba iliyopita juu yake zilianikwa kaptura mbili za kaki na shati moja lisilo na kifungo cha juu. Zilikuwa zimekauka siku nyingi. Nililala chini yake mwaka mzima, na hakuna aliyezianua, wala mimi sikuthubutu.

Habari yenyewe nilielezwa na Yunisi, wifi yake Raheli, siku tuliyokuwa tunatwanga karanga. Alisimulia mchi ukiwa unapanda na kushuka, kama mtu anayeogopa kwamba akisimamisha mkono na sauti itasimama. Wanawake wa boma lile, kama wa maboma mengine ya kijiji, walikuwa na desturi yao ya uyoga. Mvua zikikolea wanaingia msitu wa miombo pamoja, na kila anachochuma mmoja kinamiminwa kwenye kikapu kimoja kikubwa, kikapu cha mama mkwe, ili asiwepo anayeficha penye uyoga mwingi wala anayerudi na aibu ya mikono mitupu. Wakifika nyumbani hakuna uyoga wa fulani. Ni uyoga wa boma. Siku ile walikwenda watatu: Raheli, Yunisi, na Bibi Kabula, mama mkwe mwenyewe, ambaye alikuwa anachuma uyoga katika msitu ule tangu hajavunja ungo. Ulikuwa uyoga wa kwanza wa mwaka, mchache, mweupe, mzuri. Waliupika na karanga wakawapa watoto, Elia na Samweli. Wakubwa walikula ugali na mboga ya kukausha, wakiwaangalia watoto wakilamba vidole na kucheka.

Alfajiri wakaanza kutapika. Wakatapika mchana kutwa, na kijiji kizima kikaja na dawa zake. Halafu wakapoa. Waliamka siku iliyofuata macho meupe, wakaomba uji, Samweli akamtania kaka yake kwamba alikuwa analia kama mbuzi. Ilikuwa Jumapili. Mama mdogo Raheli alikamata jogoo, akamfunga miguu, akawashika watoto wake mikono akaenda nao kanisani. Ulipofika wakati wa shukrani akasimama mbele na jogoo wake akasema Mungu amemsikia. "Tulipiga vigelegele mpaka mchungaji akanyanyua mkono tunyamaze," Yunisi aliniambia. Mchi ulikuwa umesimama sasa. "Mimi nilikuwa nimekaa benchi la pili. Elia alikuwa ananikonyeza." Kabla ya wiki kwisha macho ya watoto yalikuwa ya manjano, na daktari wa mjini alimweleza baba yao kwamba uyoga wa aina ile ndivyo ulivyo: unauma, unatulia kama umesamehe, halafu unarudi. Walizikwa pamoja nyuma ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Jogoo alikuwa bado yuko hai, kwa mchungaji.

Nimesoma na kusikia mahubiri mengi tangu mwaka ule, na kila anayeanza kunieleza kwa nini Mungu huruhusu mateso, mimi namwona yule jogoo akichakura katika ua wa mchungaji. Sisemi kwa kejeli. Ni kwamba kumbukumbu yangu haijanipa picha nyingine. Watu waliokuja kumfariji mama mdogo walikuwa wema, walikuja na mtama, na kuni, na maneno. Mimi nilikuwa jikoni, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa fito tu, kwa hiyo niliyasikia yote. Mmoja alimwambia Mungu ameyachuma maua yake mazuri. "Kwake huko hakuna maua?" Raheli aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi. Mwingine, mama mtu mzima, alisema ni jaribu, akitoka hapo atakuwa dhahabu. "Mimi sikuomba kuwa dhahabu, mayu. Nilikuwa Mama Elia." Mchungaji, kijana mnyenyekevu, alikaa muda mrefu na Biblia imefungwa mapajani. Mwisho akasema huenda ni kwa sababu tusizoweza kuziona. Raheli akamkaribisha uji. Akamwambia, "Hapo sasa umesema. Kunywa uji, baba, unapoa."

Lakini huzuni ya mtu kijijini si yake peke yake kwa muda mrefu. Watu walianza kutaka kujua. Hawakutaka kujua uyoga gani. Walitaka kujua mkono gani. Wanawake watatu, kikapu kimoja: nani aliutia ule uyoga? Baba mkubwa Masanja, kaka wa mume wa Raheli kwa mama mwingine, ndiye aliyelibeba jambo hilo mpaka ndani. Alikuja mchana mmoja na wanaume wengine wawili wa ukoo, wakakaa kwenye viti vifupi barazani. Baba mdogo, yaani mume wa Raheli, alikaa nao akiwa ameangalia miguu yake. Mimi nilileta maji ya kunawa. Bibi Kabula alikuwa jikoni anapuliza moto, na macho yake yalikuwa mekundu kama siku zote, mekundu ya moshi wa kuni mbichi wa miaka na miaka. Mtu yeyote aliyekulia upande wetu wa nchi anajua bibi kizee mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na jina hilo linaweza kumfikisha wapi.

"Shemeji," Masanja alianza, "tumekaa kama ukoo. Yuko mfumu huko porini, mganga anayeona sana. Tutakwenda, tutauliza, tutaambiwa mkono uliofanya hivi. Tunataka neno lako tu, kwa sababu watoto ni wako."

"Akishawaambia, mtafanya nini?"

"Tutajua la kufanya."

"Ndilo ninalouliza, shemeji. Mtafanya nini?"

Jikoni, Bibi Kabula aliacha kupuliza. Nilimwona ameshika ukuni mkononi, hauweki motoni wala hauweki chini.

"Akisema ni wewe, utarudi kwenu kwa heshima," Masanja alisema. "Akisema ni mwingine, hilo ni letu."

"Mimi sitaki."

"Hutaki kujua nani kawaua wanao?"

"Nataka kuliko wewe. Wewe umekuja leo umeshiba, mimi nataka tangu naamka." Alikuwa amesimama, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika nguzo ya baraza. "Ila jibu la namna hiyo nalijua kabla hamjaenda. Mtarudi na jina la mtu asiye na mwanamume wa kumsemea. Mtalipata jibu, na mimi nitapata kaburi la tatu. Nendeni mkaulize habari za ng'ombe zenu."

"Una kiburi, mwanamke wewe. Kanisa limekuharibu."

"Kanisa nalo sijapatana nalo. Naweni maji mle, chakula kipo."

Hawakula. Masanja alimgeukia mdogo wake, akamwambia kwa Kinyamwezi maneno ambayo sikuyaelewa yote, lakini niliyaelewa ya mwisho: mwanamume anayeishi bila kujua nani kamwua mwanawe ni mkia wa mke wake. Baba mdogo aliendelea kuangalia miguu yake. Nilimwonea huruma wakati ule na hadi leo namwonea, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayehitaji kumchukia mtu ili alale usingizi, na mke wake alikuwa amemnyima. Alingoja tumbaku ivunwe na kukaushwa, akafunga mizigo yake, akaenda Urambo, akasema ni kwa msimu mmoja. Huko akaoa. Tulipata habari kwa muuza nguo wa mtaa wa Mtendeni, mjini, aliyekuwa akipita vijijini na baiskeli, ambaye hakujua anamweleza nani na alisifu harusi mpaka alipoona uso wa Bibi Kabula. Raheli alinunua sindano aliyokuwa anaihitaji, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi akamenya viazi.

Ndivyo walivyobaki wawili, mwanamke na mama wa mume aliyemwacha, na mimi katikati yao nikijifunza kutwanga. Mvua ziliisha, tukachemsha viazi, tukavimenya, tukavikata na kuvianika juu ya mwamba mpaka vikawa matobolwa, magumu na matamu, tukala na karanga asubuhi. Nilidhani nitasikia siku moja wakigombana, au wakilia pamoja, au wakisameheana kama watu wa kwenye mahubiri. Havikutokea. Siku moja tu, tukianika, Bibi Kabula alisema bila kuinua kichwa, "Mkamwana, huogopi chakula changu?"

"Naogopa, mama."

"Basi mbona unakula?"

"Na wewe huogopi changu?"

Bibi akageuza kipande cha kiazi juani. "Mimi nikifa si hasara."

"Utaniachia viazi vyote hivi peke yangu?" Raheli alisema, na yule bibi akacheka kicheko kibaya, cha pumzi, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye unga wa viazi, akabaki na uso mweupe kama wa mwali.

Kila jioni mama mdogo alisali kwa sauti. Ukuta kati yetu haukufika juu, na nilikuwa nikilala chali nikitazama kaptura zile huku namsikia. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka sala yake neno kwa neno. Haikuwa ndefu. Aliombea mvua, akamwombea Bibi mgongo wake, akamwombea baba mdogo huko aliko, akiutaja Urambo kwa jina kama anayempa Mungu anuani. Halafu alisema: "Ile shukrani yangu sikuombi unirudishie. Niliitoa mbele ya watu, ibaki kwako. Ila hujaniambia kwa nini. Nitakuuliza tena kesho." Na kesho yake aliuliza tena, kwa sauti ile ile, kama mtu aliyeacha mtungi kwa fundi na anapita kila siku kuutazama. Nilipokuwa msichana nilidhani ni ukaidi. Baadaye, niliposomea ualimu na kukutana na watu wanaojua maneno makubwa, nilidhani ni imani pungufu. Sasa nina umri uliozidi wake wa wakati ule, nimezika mume, na nimeona ni watu wangapi hawarudi kesho yake kuuliza. Mtu hamuulizi kila siku asiyeamini kwamba yupo na anasikia. Lakini sitaki kulipamba jambo lenyewe. Hakujibiwa. Nilikuwa hapo, ukuta haukufika juu, ningesikia.

Njia tuliyoingilia msituni wazee waliiita njia ya misafara. Wapagazi waliipita na pembe za ndovu mabegani wakienda pwani, na wengi hawakurudi, na hakuna aliyewaletea mama zao habari walifia wapi wala kwa nini. Bibi Kabula aliizungumzia njia hiyo kama mtu anavyozungumzia jirani mwenye deni la damu. "Hapa kila nyumba ina mtu aliyemngoja mtu," aliniambia. "Walipika, wakala, wakangoja. Hakuna aliyewafundisha." Nilimwuliza walimngoja mpaka lini. Alinitazama kwa yale macho mekundu, akanirekebishia kuni kichwani. "Wewe msichana wa mjini, unataka kila kitu kiwe na mwisho wake."

Mvua zikarudi. Wanawake wa kijiji walikuwa wamebadilika: kila mmoja aliingia msituni na chombo chake, sufuria, ndoo ya rangi, karai, na alipochuma alikumbatia cha kwake, ili likitokea la kutokea mkono ujulikane. Yunisi naye alikuja na ndoo yake ya plastiki, ya kijani, yenye mfuniko. Asubuhi hiyo mama mdogo Raheli alitoka chumbani na khanga kiunoni, akaingia jikoni kwa mama mkwe wake, na pale darini, palipokuwa hapajaguswa tangu mwaka uliopita, akakishusha kile kikapu. Kilikuwa kimejaa vumbi na buibui. Akakikung'uta mlangoni. Bibi Kabula alikuwa anamtazama amekaa kwenye kigoda, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. "Nyanyuka, mama," Raheli alisema. "Uyoga haungoji." Wakaenda, nami nyuma yao. Wanawake walipotuona walisimama kati ya miti. Bibi alichuma wake, akausogeza karibu na macho, akaunusa, akautupa mmoja, akaurudia, akautupa tena. Raheli alichuma wake. Kisha mbele ya wote akaumimina kwenye kikapu kile, juu ya ule wa Bibi, akaingiza mkono akauchanganya. Nilimwona Yunisi amefunika ndoo yake kwa mfuniko na kuushikilia kwa mikono yote miwili, kama ndoo ile itamkimbia.

Waliupika na karanga. Mimi nilikatazwa kugusa hata mwiko. "Wewe utakula tukishaona," mama mdogo alisema, akanichemshia viazi. Aliketi na bakuli mbele yake, akakata tonge la ugali, na mkono wake ukabaki hewani muda mrefu sana. Sijawahi kuona uso mchungu kama ule. Haukuwa uso wa mtu anayeshinda. Bibi Kabula akaburuta kigoda chake, akanawa, akatia mkono katika bakuli lile lile.

"Tukifa watasema nini?" Bibi aliuliza.

"Watasema walikuwa na njaa."

Wakala mpaka wakamaliza. Waliamka salama kesho yake, na iliyofuata, na wiki iliyofuata, na hilo halikueleza chochote kuhusu Elia na Samweli. Kaptura zilikuwa bado kwenye kamba. Nilichojua ni kwamba Bibi Kabula alifia kitandani mwake miaka mingi baadaye, kwa uzee, akiwa ameshikwa mkono, na hakuna aliyethubutu tena kutaja mfumu mbele ya ua ule. Mimi mwisho wa mwaka nilipanda treni nikarudi Cheyo. Mama aliniuliza mdogo wake anaendeleaje. Nikamwambia anasali. Mama akasema, "Afadhali." Sikujua nimwambie nini zaidi.

Haya yote nilikuwa nayo pale kwenye mkeka wakati mahubiri yanaelekea mwisho. Yunisi alikuja akakaa kando yangu, mzee sana sasa, na fimbo. Alinishika goti. "Miaka yote hiyo, hakuniuliza," alinong'ona. "Hata siku moja. Nilimngoja aniulize. Nilikuwa nimejitayarisha."

"Ungemjibu nini, shangazi?"

"Kwamba sijui." Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kubadilika. "Naota naona mikono inachuma, lakini siioni ya nani. Yeye alikuwa na Mungu wake wa kumuuliza. Mimi nilikuwa na ile ndoo."

Wakaniita. Nikasimama kando ya jeneza, lililokuwa limeshatolewa nje. Niliwashukuru majirani kwa maji na kuni, nikawashukuru vijana waliochimba kaburi nyuma ya bani, mahali alipoomba, pembeni ya yale mawili madogo. Nikaishukuru kwaya. Mzee wa kanisa alikuwa ananiangalia, akinisaidia kwa kichwa, akingoja sehemu iliyobaki ili wabebe jeneza. "Na Mungu," nilisema, nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu. Wanawake wakaanza kuguna kwa huruma, mmoja akaja kunishika kiuno, wakidhani nimezidiwa na kilio. Sikuwa nalia. Raheli hakuwepo tena kumuuliza Mungu kesho, na nilikuwa nampa nafasi amjibu.